Vitabu Navyo Huuguzwa

Masika iliyopita bati lilivuja juu ya sanduku letu la karatasi. Kadi za kliniki za watoto zilishikana kwa maji. Kwa haraka tulizibandua na kuzianika juani. Zilijikunja, nyingine zikachanika. Sisi tulio wauguzi tulisahau kwamba jeraha halilazimishwi kupona!

Hapo tuliwakumbuka vijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger. Ghala za chini ziliepuka moto, lakini ziliingia maji yaliyouzima. Mamia ya watu wa kujitolea, wanafunzi wakiwamo, walijipanga mstari wakipokezana makreti ya vitabu na karatasi.

Kisha ikaja kazi ya subira. Vilivyolowa sana viligandishwa, maana ukungu huweza kuanza ndani ya siku mbili au tatu, na baridi kali huuzuia. Vingine vilikaushwa polepole kwa upepo. Glavu, barakoa, brashi laini: kama wodini!

Basi mama, hati ikilowa usiisugue wala kuibandua kwa nguvu. Ilaze juu ya kitambaa cheupe safi, kivulini penye upepo, na ubadilishe kitambaa kikilowa. Zikiwa nyingi, zifunge katika mfuko wa nailoni uzigandishe kwenye friza hadi upate nafasi.

Subira iliokoa mengi kule. Nasi tuijaribu nyumbani.