Mbwa Augua, Kupe Wanenepa

Katika Uingereza, nchi ambayo mashabiki wa ubepari hawachoki kuisifu kwa huruma yake kwa wanyama, mzee mstaafu huingia katika zahanati ya wanyama akiwa amemfumbata paka wake mgonjwa ndani ya blanketi. Baada ya muda si mrefu hutoka na moja kati ya mambo mawili: ama deni la miezi mingi, ama blanketi tupu. Paka huyo hakuuawa na maradhi. Dawa ya maradhi yake ilikuwapo, daktari wa kumtibu alikuwapo, na vyombo vya upasuaji vilikuwa tayari mezani. Kilichokosekana ni fedha. Na kwa kuwa fedha ilikosekana, daktari aliombwa atumie sindano ya mwisho, ile ambayo ni rahisi kuliko matibabu.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimeenea kiasi kwamba Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo, chombo ambacho hakuna awezaye kukisingizia ujamaa, ilianza kukichunguza mwezi Septemba 2023. Ilipowaomba wananchi watoe maelezo yao ilipokea majibu yapatayo 56,000, na kati ya hayo kama 11,000 yalitoka kwa wafanyakazi wa tiba ya mifugo wenyewe. Mwezi Oktoba 2025 Mamlaka hiyo ilitoa uamuzi wake wa awali. Ilisema kwamba kati ya mwaka 2016 na mwaka 2023 bei za matibabu ya wanyama wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 63, mwendo ulioupita kwa mbali mfumuko wa bei wa kawaida. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 pensheni kamili ya serikali ilikuwa pauni 230 na peni 25 kwa wiki. Mbwa akikatika kano ya goti, ajali ya kila siku kwa mbwa, upasuaji wake hudai maelfu ya pauni. Mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka 40 hana haja ya kufundishwa hesabu ili ajue kwamba mbwa wake amekwisha kuhukumiwa.

Ni nani aliyepandisha bei hizo? Hapana shaka wapo watakaomnyoshea kidole daktari, maana ndiye anayeonekana, na ndiye anayetukanwa mapokezini pindi hesabu inapotolewa. Hilo ni kosa. Daktari wa mifugo wa Uingereza leo, mara nyingi, ni mfanyakazi wa mshahara kama alivyo fundi wa kiwanda. Mwenye zahanati yuko mbali, na pengine hajapata kumshika paka maishani mwake.

Zamani haikuwa hivyo. Zahanati ya wanyama ilikuwa mali ya daktari mwenyewe, ambaye aliishi mtaa mmoja na wateja wake, akawajua kwa majina, na akaweza kumwambia mjane alipe kidogo kidogo. Mwaka 1999 mlango ulifunguliwa, na watu wasio madaktari wakaruhusiwa kumiliki zahanati hizo. Mabepari hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Mwaka 2013 makampuni makubwa yalikuwa na kama asilimia 10 tu ya zahanati zote za nchi hiyo; ilipofika mwaka 2021 yalikuwa yamekaribia asilimia 60, nayo ni makundi makubwa sita tu. Sheria inayosimamia kazi hiyo ni ya mwaka 1966. Inamsimamia daktari mmoja mmoja, uwezo wake na maadili yake. Kampuni inayomwajiri daktari huyo, inayompangia bei na inayomhesabia mapato, haimo katika sheria hiyo. Mtumishi amefungwa kamba na bwana wake yuko huru.

Kampuni ya Mars ya Marekani inajulikana na watoto wa dunia nzima kwa chokoleti. Wasichojua wengi ni kwamba kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye vyakula vya mbwa na paka vya Pedigree, Whiskas na Royal Canin. Mwaka 2017 ilinunua huko Marekani mtandao wa hospitali za wanyama uitwao VCA kwa dola zipatazo bilioni 9.1, na mwaka uliofuata ikanunua Linnaeus, mojawapo ya makundi sita ya Uingereza. Kwa hiyo paka anaweza kula chakula cha Mars akiwa mzima, na akiugua akatibiwa katika hospitali ya Mars. Baadhi ya makundi mengine yanamiliki pia maabara, hospitali za rufaa, maduka ya dawa na hata matanuru ya kuchomea mizoga. Hata majivu yana faida yake.

Tena mbinu zenyewe ni za kujificha. Kampuni inaponunua zahanati, mara nyingi huliacha jina la zamani juu ya mlango, ili mteja aendelee kuamini kwamba bado yuko mikononi mwa yule daktari aliyemzoea. Mwezi Machi 2024 Mamlaka ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya zahanati zilizochunguzwa hazikuwa na bei yoyote iliyotangazwa katika tovuti zao. Wapo wenye wanyama wasiojua kwamba wanayo haki ya kupewa cheti cha dawa wakanunue kwingine kwa bei nafuu. Na wanyama wa wateja wa makundi hayo hutibiwa kwa bei iliyo juu, kwa wastani wa asilimia 16.6, kuliko ya zahanati ambazo bado zinajitegemea.

Tarakimu hiyo ya mwisho yatosha kuwanyamazisha wale wanaodai kwamba gharama zimepanda kwa sababu ya mitambo mipya na maarifa mapya. Ni kweli kwamba mashine za kupiga picha za ndani ya mwili ni ghali, na ni kweli kwamba upasuaji wa leo unaokoa wanyama ambao zamani wangekufa. Lakini daktari anayejitegemea naye hununua dawa na mashine katika soko hilo hilo, na hulipa umeme ule ule. Tofauti iliyopo ni kwamba yeye hana wenye hisa wanaongoja gawio.

Mashabiki wa soko huria wana jibu lao la siku zote: mteja yuko huru, asipoipenda bei aende kwingine. Mgonjwa haulizwi uji, na mwenye mgonjwa hajadili bei. Mbwa anapokoroma usiku wa manane tumbo likiwa limevimba, mwenye mbwa hana nafasi ya kuzunguka mji akilinganisha bei. Atakwenda palipo na taa inayowaka, na atatia saini karatasi yoyote atakayopewa. Hiyo haistahili kuitwa biashara kati ya watu wawili walio huru. Ni kumkaba mtu akiwa na machozi. Ama kuhusu bima, ambayo husifiwa kuwa ndiyo dawa ya tatizo hili, ada yake hupanda kadiri mnyama anavyozeeka, na ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kukatiwa bima kwa kawaida haulipiwi. Mnyama mzee na mgonjwa, yaani yule hasa mwenye shida, ndiye anayeachwa nje.

Serikali ya nchi hiyo nayo haikubaki nyuma. Juu ya hesabu ya daktari hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, kana kwamba kumtibu mbwa wa kikongwe ni sawa na kununua saa ya dhahabu. Na hii ndiyo nchi ambayo mwaka 1948 wafanyakazi wake waliupata mfumo wa afya wa taifa, wakakubaliana kwamba mtu anapougua asiulizwe kwanza mfuko wake una nini. Yapo mashirika ya hisani yanayojaribu kuziba pengo upande wa wanyama. Mama mmoja, Maria Dickin, alifungua zahanati ya bure kwa ajili ya wanyama wa maskini katika mtaa wa Whitechapel, London, mwaka 1917, na shirika lake, PDSA, lingali likifanya kazi. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, sadaka hukinga matone tu. Mkono mmoja wa jamii ukitoa sadaka na mwingine ukimwachia kupe aendelee kunyonya, kupe ndiye atakayeshinda.

Wapo Watanzania watakaoyasoma haya na kucheka. Watasema: Mzungu na paka wake, yanatuhusu nini? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kicheko hicho kinafaa pengine kwa wale wakubwa wachache wa Masaki na Oysterbay, ambao mbwa wao wa kigeni hula nyama kila siku ilhali mlinzi wa usiku anayemfungulia mbwa huyo lango hula ugali na mchicha. Hao hawashindwi na hesabu ya daktari yeyote. Lakini mwananchi wa kawaida, hasa mfugaji, hana sababu ya kucheka. Mafundisho yaliyomtoa mzee wa Uingereza na blanketi tupu ndiyo yaliyoletwa Afrika katika miaka ya 1980 na 1990.

Katika miaka hiyo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalizishinikiza serikali nyingi za bara hili, Tanzania ikiwamo, zijitoe katika huduma za mifugo. Hoja ilikuwa kwamba ng'ombe ni mali ya mtu binafsi, basi mwenye ng'ombe na alipe. Ruzuku ya dawa ya kuogeshea ikapunguzwa na kuondolewa. Majosho mengi yaliyojengwa kwa jasho la wananchi yakakauka, yakaota magugu, na mengine yakageuka kuwa mahali pa watoto kuchezea. Si haki kuwalaumu wageni peke yao, kwa maana walikuwapo watendaji hapa hapa nchini waliotazama josho likibomoka bila hata kuandika barua. Aliyenufaika alikuwa kupe, kupe halisi wa porini, anayeeneza ndigana kali. Ndama wa mfugaji mdogo huvimba tezi, huhema kwa shida, na dawa ya kumponya, ijapokuwa ipo dukani, huzidi uwezo wa mwenye ng'ombe wawili. Yeye naye hukaa zizini akipiga hesabu ile ile ya mzee wa Manchester.

Kwa upande wa mbwa hesabu hiyo huua watu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, hakina tiba. Duniani kote hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wa Afrika na Asia, na wagonjwa wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Kinga yake inajulikana: mbwa wasiopungua asilimia 70 ya wote wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kushika. Sindano ya mbwa mmoja ni nafuu mno ikilinganishwa na mfululizo wa sindano anazohitaji mtoto mmoja aliyekwisha kuumwa. Pamoja na hayo, mwenye mbwa maskini anapotakiwa atoe fedha mfukoni humtazama mbwa wake, humtazama mwanawe anayehitaji daftari, na hununua daftari. Nani atamlaumu?

Pemba inatoa ushahidi ambao hauhitaji kutafutwa London. Baada ya kampeni za kuwachanja mbwa kisiwani humo, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kilivuka bahari na kurudi, na ilibidi kampeni zirudiwe hadi kikatokomezwa tena mwaka 2018. Katika safari zote mbili kilichokiangamiza ni chanjo iliyopelekwa hadi vijijini kama kazi ya umma, bila kumngoja kila mwenye mbwa ajipime kama anamudu. Ugonjwa unaovuka bahari hauwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa onyo juu ya njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa wachache. Wapo wanaodhani kwamba onyo hilo lilihusu mabenki na viwanda tu. Yaliyotokea katika zahanati za wanyama za Uingereza yanaonyesha kwamba hata penzi la kikongwe kwa paka wake laweza kugeuzwa njia ya uchumi, likapewa mwenye hisa, na likakamuliwa.

Hapa nchini bado hakuna makundi makubwa sita, na nafasi ya kuyazuia ingalipo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ipo. Mabwana mifugo wapo, ingawa wengi wao wanahudumia kata nzima bila hata pikipiki. Halmashauri za wilaya zinapokaa kupitisha bajeti, fungu la chanjo ya mbwa lisiwe la kwanza kukatwa ili posho za vikao zibaki salama. Wanachama wanaokutana na madiwani wao katika matawi wawaulize maswali mawili mepesi: ni josho gani katika kata lenye maji na dawa hivi leo, na ni mbwa wangapi waliochanjwa bure tangu mwaka jana. Diwani asiyekuwa na jibu arudi kijijini akahesabu.