Kivu: Dawa ya ganzi si ya kupaka mdomoni mwa mtoto mchanga

Muuzaji anayempa mama tyubu ya jeli ya ganzi bila kumuuliza umri wa mtoto hafanyi kazi ya uganga, anafanya biashara tu. Na biashara hiyo inapata wateja palepale penye shida: katika familia zilizokimbia vita, ambako surua na mpox vinaweza kumjaza mtoto vidonda mdomoni hadi akatae titi na uji.

Mama hana kosa. Mtoto analia usiku kucha, kituo cha afya kiko mbali, na jeli inatuliza upesi. Lakini lidokaini na benzokaini haziponyi kidonda. Zinaua maumivu kwa muda mfupi, kisha mama anapaka tena na tena. Mate yanabeba dawa hadi kooni. Koo likifa ganzi, mtoto anaweza kupaliwa. Lidokaini ikizidi mwilini inaleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Benzokaini nayo inaweza kuifanya damu ishindwe kupeleka oksijeni: midomo na kucha zinageuka bluu au kijivu, mtoto anahema kwa shida. Hapo ni kukimbia hospitali, si kungoja kuche.

Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya lidokaini kwa watoto wanaoota meno, na mwaka 2018 ikaonya benzokaini isitumiwe kwa walio chini ya miaka 2. Kwa nini mama wa Minova asiambiwe hayo hayo?

Wapo watakaouliza: basi mtoto ateseke? Hapana. Kuna parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Maziwa ya mama yakamuliwe, anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo. Uji upoe kwanza, usitiwe ndimu. Mwenye surua anatakiwa kupewa vitamini A kituoni, siku mbili mfululizo, na mdomo wake usafishwe kwa maji safi yenye chumvi. Jeli ni ya mtu mzima, tena kidogo, kwa kipimo cha muganga.

Wakaguzi wa afya nao wana lao la kujibu. Tyubu nyingi zina maelezo ya Kifaransa au Kiingereza, na mama asiyesoma lugha hizo anabaki na neno la muuzaji peke yake. Wayapitie maduka hayo. Na wanaogawa misaada wahakikishe parasetamoli ya watoto haikosekani vituoni, maana ikikosekana mama atarudi kwenye jeli.

Mtoto aliyeshindwa kabisa kunywa, au asiyekojoa tangu asubuhi, apelekwe leo hii.