Jiko banifu liuzwe kwa faida yake, si kwa jina la nimonia

Katika magulio mengi, muuza majiko banifu huwa na hoja mbili za kumvuta mteja. Ya kwanza ni kwamba jiko linapunguza kuni. Ya pili ni kwamba linamkinga mtoto na nimonia. Hoja ya kwanza mkulima anaweza kuipima mwenyewe kwa kuhesabu mizigo ya kuni. Ya pili hana kipimo chake, nayo ndiyo inayomfanya mama atoe fedha aliyoitenga kwa ajili ya mbolea.

Ni vyema basi kuangalia utafiti unasema nini, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika jirani, nchini Malawi.

Mmoja wa wanasayansi walioshughulikia suala hili kwa miaka mingi ni Profesa Stephen Gordon wa chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, Uingereza, aliyewahi kuongoza kituo cha utafiti cha Malawi-Liverpool-Wellcome mjini Blantyre. Kazi yake ni kuchunguza jinsi mapafu yanavyojilinda na vijidudu vya maradhi.

Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu mna seli ambazo ni walinzi na wafagiaji kwa pamoja. Humeza vumbi, masizi na bakteria kabla havijaleta madhara. Gordon na wenzake waliingiza maji ya chumvi kwa mrija mwembamba katika mapafu ya watu wazima waliojitolea nchini Malawi, wakazitoa seli hizo na kuzitazama kwa darubini. Walizikuta zimebeba masizi, na mzigo huo ulitofautiana kulingana na nishati inayotumika nyumbani. Majaribio ya maabara yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa seli zilizokutana na moshi hazimezi vijidudu kama kawaida. Mlinzi aliyebebeshwa gunia hawezi kumkimbiza mwizi.

Kwa hesabu hiyo, ilitarajiwa kwamba moshi ukipungua, nimonia nayo itapungua. Dhana hiyo ikapelekwa vijijini ipimwe.

Kati ya mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2016, watafiti walioongozwa na Profesa Kevin Mortimer, Gordon akiwa miongoni mwao, waliandikisha watoto 10,750 wa chini ya miaka mitano kutoka kaya 8,626. Kaya hizo zilikuwa Chikhwawa, kusini mwa Malawi, na Karonga, wilaya inayopakana na Tanzania. Nusu ya vijiji vilipewa majiko banifu ya feni pamoja na umeme wa jua wa kuyaendesha. Nusu nyingine viliendelea kupika kama kawaida.

Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2016. Kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, wenye majiko mapya walipata nimonia mara 15.76. Wasio na majiko hayo walipata mara 15.58. Kwa maneno mengine, hapakuwa na tofauti.

Wapo waliosema kosa ni kuni, na kwamba gesi ingeleta jibu jingine. Nalo likapimwa. Utafiti uliofanyika Rwanda, India, Guatemala na Peru ulihusisha kaya zipatazo 3,200 zenye mama wajawazito. Nusu zilipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Moshi ulipungua sana katika kaya hizo, lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Matokeo haya hayamaanishi kuwa moshi hauna madhara. Masizi yaliyoonekana kwa darubini hayakuwa ndoto. Yanachoonyesha ni kwamba jiko moja ndani ya nyumba moja halitoshi. Kule Malawi majiko mengi yaliharibika, na moshi uliendelea kutoka kwingine: takataka zinazochomwa, tumbaku, na moto wa jirani. Zaidi ya hayo, nimonia huletwa na vijidudu, na mtoto huvipata kwa watu wanaomzunguka hata kama jikoni hakuna moshi.

Hapo ndipo kazi nyingine ya Gordon inapokuwa na maana. Huko Liverpool, watu wazima wenye afya walikubali kuwekewa puani bakteria wa nimokokasi, ambao ni chanzo kikubwa cha nimonia, chini ya uangalizi wa madaktari. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, waliopata chanjo ya nimokokasi na kisha kubeba bakteria hao puani walikuwa asilimia 10. Kwa wasioipata walikuwa asilimia 48. Asiyebeba vijidudu hawezi kumwambukiza mwingine.

Kenya ilianza kutoa chanjo hiyo kwa watoto mwaka 2011, na Tanzania iliizindua Desemba 2012. Nchini Tanzania hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi anayenunua jiko akidhani limechukua nafasi ya kliniki amefanya biashara mbaya.

Je, mkulima asinunue jiko banifu? Anunue, lakini kwa hesabu iliyo sahihi. Chukua mfano wa jiko la Sh30,000 linalookoa mzigo mmoja wa kuni wa Sh2,000 kila wiki. Fedha itarudi baada ya wiki 15, na kila wiki inayofuata ni faida, mbali na muda wa kutafuta kuni ambao sasa unakwenda shambani. Jiko hilo likivunjika wiki ya kumi, mnunuzi amekula hasara ya Sh10,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: litadumu muda gani, na nani atalitengeneza?

Muuzaji naye atafakari. Mama aliyeahidiwa kinga, kisha mtoto akaugua, hatarudi kununua, na atawaambia wenzake. Kinachouzika gulio hadi gulio ni kuni zilizookolewa na jiko lisilovunjika.

Serikali nayo ina la kujifunza. Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo zuri kwa misitu, kwa macho na vifua vya wapishi na kwa mifuko ya wananchi. Hata hivyo, fedha ya majiko isihesabiwe kuwa fedha ya nimonia. Nimonia inahitaji chanjo zisizokatika na dawa ya amoksilini katika kila zahanati.

Kwa upande wa mzazi, ipo kinga isiyohitaji mtaji. Mtoto mwenye kikohozi akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika kabla hajatimiza mwaka, au mara 40 au zaidi akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitano, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Palizi inaweza kungoja kesho.