Gari la Kompyuta: Bei Yake Haiishii Bandarini

SOKO la magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam limebadilika. Zamani mnunuzi alifungua boneti, akasikiliza injini, akatazama moshi, kisha akaanza kuvutana bei na dalali. Leo katika yadi hizo hizo yamejaa magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, huku kila kitu kikiongozwa na kompyuta. Sikio la fundi halitoshi tena. Hata hivyo wanunuzi wengi bado wananunua kwa mtindo wa zamani, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kwa nini gari limeuzwa. Huko Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ni za mwenyewe. Toyota nayo hutoa dhamana ya miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kuu za mfumo wa haibridi. Gari linaloteremshwa bandarini likiwa na umri wa miaka 8 au 10 limekwisha kuipita dhamana hiyo. Miaka mizuri ya betri ameifaidi mwenye gari wa kwanza. Miaka ya mwisho inamsubiri mnunuzi wa hapa.

Betri yenyewe si kitu kimoja. Toyota Prius ya toleo la pili na la tatu ina vipande 28 vilivyounganishwa, na Aqua ina 20. Kipande kimoja kikichoka, taa ya hatari huwaka na gari zima hupoteza nguvu. Mafundi wengine hubadilisha kile kibovu tu na kuweka kingine kilichotumika. Hiyo ni nafuu ya muda, kwani vilivyobaki vina umri ule ule. Zaidi ya hayo, betri hupozwa na feni inayovuta hewa karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la barabara zetu, mizigo na vitambaa vya viti vikiziba tundu hilo, joto humaliza betri mapema.

Sifa kubwa inayotangazwa ni kubana mafuta, na ni kweli. Lakini akiba hiyo inapaswa kupigiwa hesabu. Chukua mfano wa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita, atatumia lita 83. Kwa haibridi inayokwenda kilomita 20 kwa lita, atatumia lita 50. Kwa mwaka ameokoa lita 400 hivi. Basi aulize bei ya betri siku hiyo, aigawe kwa bei ya lita moja ya petroli. Akipata lita 800, ajue kwamba betri moja inameza akiba ya miaka 2 mizima.

Hesabu hii inamhusu zaidi anayenunua kwa mkopo, awe mtumishi aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo au dereva anayetarajia gari lijilipe kwa abiria. Mkopo wa miaka 3 hausubiri betri. Gari likilala gereji, marejesho yanaendelea, na mwenye gari hulipia chuma kisichotembea.

Yapo pia madogo yanayouma. Redio nyingi za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya chini kuliko ya hapa, hivyo stesheni nyingi hazishikiki bila kifaa cha nyongeza. Baadhi ya skrini hujifunga betri ndogo ikichomolewa, na kudai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo haikuja na gari. Ufunguo wa kielektroniki ukiwa mmoja, kuupoteza ni gharama nzito. Gia za CVT nazo zinataka oili yake maalumu, na anayejaziwa oili yoyote iliyo karibu anaua gia. Tena, haibridi iliyogoma kuwaka haiwashwi kwa kusukumwa.

Haya yote hayana maana kwamba magari hayo ni mabaya. Kwa anayeshinda kwenye foleni za mjini, ambako mota ya umeme hufanya kazi kubwa, haibridi yenye betri nzima ni ununuzi mzuri. Lililo kosa ni kulipa bei ya gari zima kwa gari lenye betri inayokaribia kufa.

Kwa hiyo mnunuzi atake karatasi ya mnada wa Japani, aone daraja la gari na kilomita zake. Ampate mapema fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, na kila kipande cha betri kipimwe kabla fedha hazijatoka mkononi. Muuzaji akikataa kipimo, bei ya betri nzima ipunguzwe katika bei ya gari. Akilikataa hilo nalo, yadi ziko nyingi.