Asili si Mzigo wa Kuachwa Mlangoni mwa Ofisi

Nchini Marekani imeenea imani kwamba Latina, yaani mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, akitaka kupanda cheo sharti aiache asili yake nyumbani: afiche lafudhi, akubali jina lake likatwe, asionekane akizungumza Kihispania kazini. Imani hiyo hupewa jina la heshima, weledi. Ni imani potofu, na madhara yake huwafikia hata wale wanaohudumiwa.

Udaktari unaonyesha hivyo waziwazi. Miaka ya 1960 na 1970, katika hospitali moja ya umma ya Los Angeles, wanawake wenye asili ya Mexico waliletewa fomu za ridhaa zilizoandikwa kwa Kiingereza wakiwa katikati ya uchungu wa kujifungua. Walitia saini, wakafungwa kizazi, na baadhi yao walikuja kujua baadaye kwamba hawatazaa tena. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1978 wakashindwa kesi. Waliowapasua hawakukosa ujuzi wa kisu. Walikosa kumwona mgonjwa kuwa mtu wa kuulizwa kwa lugha anayoielewa.

Aliyeliona hilo mapema ni Dkt. Helen Rodríguez Trías, aliyezaliwa New York mwaka 1929 katika familia ya Puerto Rico na kusomea udaktari kisiwani humo. Huko, uchunguzi wa mwaka 1965 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya akina mama walikuwa wamefungwa kizazi. Aliporudi New York, aliongoza idara ya watoto katika Hospitali ya Lincoln, eneo la Bronx, kisha akawa miongoni mwa waliopigania kanuni za serikali kuu: fomu iwe katika lugha ya mwanamke, na zipite siku 30 kabla ya upasuaji. Mwaka 1993 akawa Latina wa kwanza kuongoza Chama cha Afya ya Umma cha Marekani. Asili yake ndiyo iliyomwonyesha kosa ambalo wenzake walilizoea.

Wapo wanaosema asili hupotosha uamuzi. Sonia Sotomayor, naye Latina, alishambuliwa kwa hoja hiyo mwaka 2009, alipopendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Lakini mwaka 2006 Samuel Alito, alipopendekezwa kwa mahakama hiyohiyo, aliwaambia maseneta kwamba kesi za ubaguzi humkumbusha jamaa zake waliobaguliwa kwa asili yao, na kauli hiyo haikumletea kishindo kama kile. Asili ya mmoja ilihesabiwa ubinadamu, ya mwingine upendeleo. Huo si usawa.

Hakuna anayedai kwamba Latina afanye kazi za Walatino tu, au kwamba asiyejua Kihispania amepungukiwa. Ellen Ochoa, Latina mwingine, alikwenda angani mwaka 1993, na baadaye akaongoza Kituo cha Anga cha Johnson. Milango yote ni ya Latina.

Dhuluma kubwa iko kwenye malipo. Latina anayefanya kazi kwa muda wote hupata chini ya senti 60 kwa kila dola ya mwanamume Mzungu. Papo hapo, muuguzi aliyekatazwa kusema Kihispania na wenzake huitwa wodi ya pili kumfasiria daktari, kisha hurudi kwa wagonjwa wake waliokuwa wakimngoja. Baadhi ya idara za serikali hulipa posho ya lugha mbili. Waajiri wengine hawana sababu ya kutofanya hivyo: ukalimani uandikwe kwenye mkataba, upangiwe saa zake, na ulipwe.