Mji wa Kihistoria Si Lamu Pekee

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa aandike insha kuhusu mji wa kihistoria, kalamu yake hukimbilia pwani. Ataisifu milango ya nakshi ya Lamu, ataitaja Ngome ya Yesu ya Mombasa, atapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kisha atatia nukta. Si vibaya kuisifu pwani, kwani huko ndiko kilikozikwa kitovu cha lugha hii. Lakini je, sisi wa bara hatuna la kuonyesha? Makala haya yanashikilia kwamba Kitale na nchi jirani ya Bungoma zina historia, vyakula na mandhari ya kumtosha mgeni yeyote, na kwamba mwanafunzi asiyeweza kuyaeleza hayo kwa Kiswahili fasaha bado hajaimiliki lugha anayoisomea.

Wapo watakaopinga kwamba Kitale ni mji wa juzi. Watasema kuwa ulikuzwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba reli iliufikia mwaka 1926 tu. Hoja hiyo ina ukweli, ila haukukamilika. Katika uwanja wa Kitale Club pana mawe yaliyopangwa kwa duara, na inaaminika kwamba hapo ndipo watumwa walipofungiwa wakati misafara ilipopumzika katika njia ya kutoka Uganda kuelekea Bagamoyo. Mawe hayo hayana nakshi wala maandishi, lakini yanamhusu kila asomaye Kiswahili. Lugha yetu iliingia bara kwa njia kama hiyo, ikiandamana na pembe za ndovu, shanga na vilio. Anayetaka kuijua historia ya Kiswahili asiishie kwenye majumba ya matajiri wa pwani. Afike na hapa walipolala waliobebeshwa mizigo yao.

Kutoka hapo, mgeni na aelekee kwenye Makumbusho ya Kitale. Chanzo chake ni mkusanyiko wa Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu, na aliyefungua makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mali hiyo iende kwa taifa, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974, likawa makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya. Nje yake zimo nyumba za kienyeji zilizojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali, na njia ipitayo katika msitu wa asili. Mwanafunzi na asimame mbele ya nyumba moja ajiulize: nguzo ya kati inaitwaje? Fito je? Na ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta? Akikwama, amepata somo ambalo hakulipata darasani.

Ukitoka mjini kufuata barabara ya Kapenguria, utaifikia Mbuga ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974. Ni mbuga ndogo mno, ina ukubwa wa kilomita tatu za mraba hivi, na haitembelewi kwa gari bali kwa miguu. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala wa kinamasini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kukanyaga matope asizame. Mgeni hupanda jukwaa la mbao alfajiri, akatulia na kungoja. Inasikitisha kwamba wengi wetu tunamjua mnyama huyu kwa jina la kigeni, hali lugha yetu ina jina lake, fupi na tamu. Upande wa pili uko Mlima Elgon na mapango yake. Katika pango la Kitum ndovu huingia gizani usiku, wakachimba ukuta kwa pembe zao ili walambe chumvi. Wasabaoti nao waliwahi kuyafanya mapango ya mlima huo makao yao na ya mifugo yao.

Chakula nacho ni historia. Kitale ni ghala la mahindi la Kenya. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapa mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya kwanza, H611, ilitolewa kutokana na utafiti uliofanywa papa hapa. Kwa hiyo hindi la kuchoma linunuliwalo kando ya barabara huko Matisi au Tuwani, katika eneo la Saboti, limebeba kazi ya wataalamu na jasho la wakulima. Lakini mgeni asitosheke na mahindi. Aombe ugali wa wimbi kwa kuku wa kienyeji. Aombe mrenda na mboga nyingine za kienyeji zilizolainishwa kwa chumvi ya majivu, ile inayochujwa kutokana na maganda ya maharagwe yaliyochomwa. Aombe maziwa ya kibuyu yaliyopakwa makaa, wanayoyaita mursik. Na akibahatika, apate kamaleya, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa kwa karanga. Kitoweo hiki huliwa pande zote mbili za mlima, Kenya na Uganda, na aliyekionja hakisahau.

Kutoka Kitale barabara hupita Kiminini na Kamukuywa ikaingia nchi ya Bungoma. Huko Webuye, mji ulioitwa Broderick Falls enzi za ukoloni, mto Nzoia huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Karibu yake uko mlima Chetambe, ambako Wabukusu walijenga boma na kupambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Walishindwa kwa bunduki, hawakushindwa kwa ujasiri. Kimilili nako ni nyumbani kwa Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyefungwa mara kwa mara na wakoloni, na hata baada ya uhuru, mpaka alipofariki mwaka 1987. Mgeni akija Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, atawakuta vijana wakipiga njuga barabarani wakiwaalika jamaa zao katika tohara. Na kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hakuna darasa lipitalo kumuse, hotuba ya matanga ambayo mlumbi huitoa akitembea huku na huku mbele ya waombolezaji, akisimulia asili ya ukoo na kuwaonya walio hai. Asikilize pia litungu, kinanda cha nyuzi cha Wabukusu.

Fasihi andishi imekwisha kutufungulia njia. Ken Walibora, aliyezaliwa mwaka 1965 Bungoma na kukulia Trans Nzoia, alitunga riwaya ya Siku Njema mwaka 1996, ambamo kijana anatoka Tanga kuja kumtafuta babaye pande za Kitale. Tazama mwelekeo wa safari hiyo: shujaa anaiacha pwani na kuja bara kuitafuta asili yake. Walibora alituaga mwaka 2020, lakini swali aliloliacha lingali linasubiri jibu. Wangapi baada yake wameiandika nchi hii kwa Kiswahili kwa upendo na ujuzi wa aina hiyo?

Maoni yangu ni kwamba uzito wetu unatokana na dhana potovu. Tunadhani Kiswahili kina nyumba moja tu, nasi wengine ni wapangaji. Ukweli ni kwamba katika soko la Kitale Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana na Mkikuyu wanapopatana bei, wanapatana kwa Kiswahili. Lugha hiyo ndiyo iliyowaweka pamoja, na ilipodharauliwa kila mtu akarudi kwenye kabila lake, tumeona matokeo. Ugomvi wa ardhi katika Mlima Elgon ulimwaga damu nyingi kati ya mwaka 2006 na 2008. Anayemtembeza mgeni katika nchi hii asimfiche jeraha hilo. Historia inayosimulia maporomoko ya maji na kunyamazia machozi ni tangazo la biashara.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama vyetu vya Kiswahili vinapopanga safari za masomo, zisiwe za pwani kila mwaka. Mwaka mmoja na tuje magharibi, kila mwanafunzi akiwa na daftari, aandike maelezo ya mahali pamoja kwa Kiswahili ambacho mgeni kutoka Tanga au Bukavu angekielewa. Pili, watunzi wa kamusi wasione haya kuyapokea maneno kama kamaleya, litungu na kumuse. Kiswahili kilikopa kwa Waarabu, Wahindi na Wareno bila kupungukiwa hadhi; hakitapungukiwa kwa kukopa kwa Wabukusu na Wasabaoti, ambao ni ndugu na majirani.

Wahenga walisema tembea uone. Sisi tuliokabidhiwa lugha tuna wajibu wa kuongeza: ukiisha kuona, sema. Lamu ina waandishi wake. Kitale na Bungoma zinawangoja wao, na huenda mmoja wao anausoma ukurasa huu.