Adhabu Kwanza, Uhakiki Baadaye

Kijana wa jirani yetu hapa Kaisho, Kyerwa, amedisko, yaani amefukuzwa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili. Alilipa ada ya rufaa, akasubiri, akajibiwa kwa mstari mmoja: ombi lako limekataliwa. Sababu hakupewa. Alama zake huenda zilikuwa mbovu kweli, lakini chuo kilichomjibu hivyo hakikumtendea haki.

Utetezi wa vyuo unafahamika. Shahada isiyo na kiwango haina thamani, GPA ya 2.0 ndiyo mpaka wa chini, na aliyeshindwa sapu na keri, yaani mitihani ya marudio na masomo ya kurudia, hawezi kubebwa milele. Tena rufaa ni nyingi na wajumbe wa seneti ni wachache. Sawa. Kiwango kibaki.

Ninachokataa ni kumfukuza mtu kwanza, kisha kutafuta kama alistahili kufukuzwa. Hilo tumeshaliona, na kwa ukubwa wa kutisha. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,800 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walipewa siku moja waondoke. Programu hiyo ilianzishwa na Serikali yenyewe kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati. Wahadhiri ndio waliogoma kufundisha, wakidai malipo yao. Vijana wakakwama stendi na mabegi. Mei 30 wapinzani bungeni walitaka suala hilo lijadiliwe, Naibu Spika Tulia Ackson akakataa, kikao kikavurugika. Siku chache baadaye Rais Magufuli, akihutubia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawaita vilaza.

Uhakiki ulikuja baada ya hayo yote. Julai Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza: wachache warudi UDOM, wengi waende vyuo vya ualimu, wengine hawana sifa. Kumbe faili la kila mmoja lingeweza kusomwa, na kwa wiki chache tu! Basi kwa nini halikusomwa wangali bwenini? Mwenye sifa zote alifukuzwa siku moja na asiye nazo, akatukanwa pamoja naye mbele ya taifa, na jina lake likasafishwa kimyakimya. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufani, pale chombo kinapoamua haki zake. Wizara ni chombo. Seneti ya chuo ni chombo. Ni lini vyombo hivi vitaisoma?

Nimechoka pia kuambiwa kwamba aliyedisko aanze upya kwingine. Anayesema hivyo aje Kyerwa. Huku mzazi aliyebanwa na ada huuza kahawa ingali maua, butura ile ile inayopigwa marufuku kila msimu, kwa bei ya kutupa. Kahawa hiyo haiuzwi mara ya pili. Mzazi aliyelipa kwa njia hiyo anastahili maelezo.

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, ivibane vyuo: uamuzi wa rufaa uandikwe na sababu zake, mwanafunzi aonyeshwe karatasi yake ya mtihani iliyosahihishwa, na asitolewe bwenini wala kukatiwa mkopo kabla rufaa yake haijaamuliwa.